Kampuni ya meli ikiandika "we will look into it", imekubali au bado?

Karani_Kurasini:

Wakuu, habari za kazi. Niko kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, upande wa Kurasini. Kazi yangu ni makaratasi na barua pepe za kutwa nzima na mawakala wa meli. Barua zote ni za Kiingereza, hata kama anayeniandikia amekaa jengo la jirani na mchana tunakutana kwa mama ntilie tunapiga soga kwa Kiswahili kitupu.

Kuna ubishi ofisini, naomba mnisaidie. Mteja wetu ana kontena la futi 40, vigae vya sakafuni kutoka China. Siku za bure zimekwisha kontena likiwa bado bandarini, kwa sababu jina la mteja lilikosewa kwenye BL, ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, na wakala wa meli akachukua muda kulirekebisha. Tukawaandikia wasamehe tozo za kuchelewesha kontena kwa siku hizo. Wamejibu hivi, neno kwa neno:

"Noted with thanks. We will look into waiving the charges and get back to you. In the meantime, please go ahead and pick up the container."

Bosi kaisoma kwenye simu akiwa kwenye foleni barabara ya Mandela, kasema "safi, wamesamehe", kampigia mteja hapohapo. Mimi nimeisoma sioni waliposema wamesamehe. Bosi anashikilia kwamba "look into waiving" ni kuangalia namna ya kusamehe, uamuzi wenyewe umeshapita. Na anauliza: kama hawajasamehe, kwa nini watuambie tukachukue kontena? Hapo mwisho kusema kweli sina jibu.

Naomba kujua wameahidi nini hasa kwa barua hii. Na niwajibu vipi wasipate pa kutokea, lakini bila kuwakera, maana wiki ijayo nina mzigo mwingine kwao. La mwisho ni ugomvi wa pembeni: mimi namalizia barua zangu na "I look forward to hear from you". Mwenzangu wa meza ya pili anasema ni "hearing". Namwambia tulifundishwa baada ya "to" kitenzi kinakaa kitupu, "I want to go", hakuna "to going". Anacheka tu, maelezo hana.

Mpita_Njia:

Mkuu, "we will look into it" ni "suala lenu tunalifanyia kazi". Umewahi kuona suala linalofanyiwa kazi likaisha?

Mama_wa_Kilindini:

Karani, marahaba kama uliniamkia, na kama hukuniamkia nimekusamehe, maana una kontena linakuunguza.

Mimi nimefanya kazi kwa mawakala wa meli Mombasa tangu zama za teleksi, ikaja feksi, ikaja barua pepe, sasa nimestaafu nalea wajukuu. Barua kama hiyo uliyoletewa nimeziandika mimi mwenyewe, nikiwa upande wa pili wa meza. Basi ngoja nikwambie alivyokuwa akifikiri aliyeiandika.

Yule ni karani kama wewe. Hana uwezo wa kusamehe hata senti. Tozo ya kontena ni mali ya kampuni ya meli, na wakala ni mkusanyaji tu. Akisema "no" utamfokea, akisema "yes" atafokewa na wakubwa wake. Kwa hiyo anachagua maneno yanayomweka katikati, na Kiingereza kimejaa maneno ya namna hiyo. Hakudanganya. Kila neno lake ni kweli, ndiyo maana inabidi uyasome moja moja.

"Noted with thanks" ni "nimeona". Watu wengi bandarini wanaisoma kama "nimekubali", na hapo ndipo ugomvi wa nusu ya barua unapoanzia. Anayekubali huandika "agreed" au "confirmed". Neno "noted" unaweza kulipata kwa mtu ambaye kesho atakukatalia kabisa, na huna la kumshitaki.

"Look into" ni kuchunguza jambo ambalo jibu lake halijapatikana. Bosi wako ameweka neno "namna" ambalo kwenye barua halimo. Angesema "we are looking at how to waive", hapo bosi angekuwa na pa kusimama. "Look into waiving" swali ni tusamehe au tusisamehe. Na ukitaka kujipa hakika, jiulize: jamaa akirudi kesho akaandika "we looked into it and regret we cannot waive", atakuwa amevunja ahadi? Hajavunja. Basi hakuahidi.

"Get back to you" ameahidi kitu kimoja tu, kwamba atakujibu. Jibu gani, lini, hakusema. Haina siku, na barua isiyo na siku kwetu tulikuwa tunaiweka chini ya rundo.

Sasa swali la bosi, kwa nini wawaambie mkachukue kontena. Hilo si la kitoto. Jibu ni kwamba kampuni ya meli inataka kontena lake lirudi tupu ili lipakiwe tena. Kontena lililokaa yadi haliwaingizii nauli. "Go ahead" ni kukufungulia mlango upite, haikusema nani analipa mlangoni. Mkienda dirishani kuomba ruhusa ya kutoa mzigo, yule binti wa dirishani haangalii barua pepe, anaangalia kompyuta, na kompyuta itatoa bili nzima.

Hebu nikupangie maneno haya kutoka la mbali hadi la karibu, jinsi tulivyokuwa tukiyatumia sisi. La mbali kabisa ni "look into". Likija "take it up with", kwa mfano "we will take it up with our principals", ujue karani amekubali kulibeba suala lako kwenda kwa mwenye meli. Bado si jibu lakini limetoka mezani kwake. Likija "see to it" au "sort it out", hapo mtu amejifunga, anasema litafanyika na mfanyaji ni yeye. Mimi nilikuwa siandiki "sort out" mpaka nimeshazungumza na mkubwa. La karibu kabisa ni "sign off on": yuko mtu mwenye jina na kalamu, amepitisha. Ukiona "head office has signed off on the waiver", mpigie mteja.

Jibu lako liwe fupi. Mimi ningeandika hivi:

"Thank you for your message. Before we pick up the container, please confirm whether the charges to date have been waived. If not, please let us know who will sign off on the waiver and by what date. We will follow up by phone at 10 tomorrow morning."

Angalia kila kamba nilipoifunga. "Before we pick up" inawaonyesha kwamba kontena lao haliondoki hivihivi, na hilo ndilo wanalolitaka. "Whether" inawalazimisha kujibu ndiyo au la. "Who will sign off" inauliza jina. Na "we will follow up" inasema mfuatiliaji ni wewe, hungojei huruma. Kosa la wengi ni kuandika "kindly follow up" kumwambia wakala ajifuatilie mwenyewe. Hajifuatilii mtu.

Na "pick up" hapo ni maneno mawili. Ukiandika "pickup" neno moja ni jina: ama uchukuzi wenyewe, ama gari. Nimeona barua inasema "please pickup our container" nikawaza pikapu inabebaje futi 40. Hali kadhalika "log in" ni kitendo na "login" ni jina, "back up" na "backup", "set up" na "setup". "Follow up" likiwa jina huwekewa kistari: "a follow-up".

La "hearing" nawaachia walimu.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga:

Salaam. Mwenzako wa meza ya pili ni mkweli, Karani, na maelezo ni haya.

Kiingereza kina "to" mbili zinazofanana sura. Moja ni ya kitenzi, kama "ku-" yetu: "to go", kwenda. Nyingine ni kihusishi, inaelekeza kwenye kitu: "to Tanga", kwenda Tanga. Ukitaka kujua umeikuta ipi, weka "it" au jina baada yake. "I look forward to it" inakaa vizuri. "I look forward to Friday" inakaa. Basi "to" hiyo ni kihusishi na inataka kitu kama jina, na kitenzi kikitaka kuwa jina kinavaa "-ing": "hearing". Sasa jaribu "I want to it". Haikai. Hiyo ni "to" ya kitenzi, na kitenzi kinabaki kitupu.

Jaribio hilohilo linakutoa kwenye "object to", "be committed to" na ile inayowaangusha wote, "used to". "I used to live in Pangani" ni zamani nilikuwa naishi Pangani, sasa siishi. "I am used to living in Pangani" ni nimezoea kuishi huko. Mwanafunzi akiandika "I am used to live" hujui kama amehama au amezoea.

Niseme na jambo lililonikera miaka yote ya kufundisha. Kwetu Tanzania mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza anakutana na masomo kwa Kiingereza, na mwalimu anamwandikia ubaoni orodha: "give up, give in, give out, give away". Anakariri usiku, asubuhi zimechanganyika. Hakuna anayejifunza Kiswahili hivyo. Tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga deki, na hakuna mama aliyemkalisha mwanawe akamwambia leo tunasoma matumizi ya "piga". Mtoto ameipata pamoja na pasi yake. Tunakata tamaa, tunakata rufaa, tunakata tiketi, na tamaa haina uhusiano wowote na tiketi. Mgeni anayeandika "nimefanya picha" badala ya "nimepiga picha" tunamcheka, kisha tunageuka tunaandika "I did a mistake" wakati Mwingereza anasema "made". Sheria ni ileile: neno likamate pamoja na jirani yake.

Na msidhani ni sisi tu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba hakuna kinachowasumbua wageni kama vitenzi hivi vinavyobadilishwa maana na kineno kinachofuata, akatoa mifano kama "come off", "fall on", "break off", "set out". Yeye mwenyewe akajipa kazi ya kuvikusanya.

Ushauri wangu kwa barua ya kikazi ni kukwepa. Karibu kila kimoja kina mwenzake wa neno moja. Baada ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa na Kilatini yalizidi kuingia kupitia mahakama, kanisa na vyuo, na maneno ya zamani yakabaki nyumbani na sokoni. Ndiyo maana wana "look into" na "investigate", "put off" na "postpone", "put up with" na "tolerate". Andika lile la mahakamani, hutakosea mahali pa kuweka kineno.

Mama_wa_Kilindini:

Mwalimu, heshima yako, kwenye "hearing" umemaliza na nitaichukua nikawafundishe wajukuu. Kwenye kukwepa hapo sikubaliani nawe.

Barua ya bandarini si insha ya mtihani. Mtu anakuandikia "can we put off delivery till Monday", wewe unamjibu "we have no objection to the postponement of the delivery". Atadhani umekasirika, au mwanasheria wako amekaa karibu. Na maneno hayo mawili si pacha kama unavyosema. "We will investigate" kwa kampuni ya meli ni neno zito: kuna wizi, kuna sili imevunjwa, kuna mtu ataitwa. "We will look into it" ni Jumatano ya kawaida. Ukimwomba wakala "please investigate the delay" umeshamtuhumu. Karani amesema hataki kuwakera.

Halafu kazi yetu ina vitenzi ambavyo mwenzake wa neno moja huna pa kumpata, au ukimpata hakuna atakayekuelewa. Meli "calls at Mombasa", maana yake inaingia bandarini. Ikiandikwa "anchored off Mombasa", iko nje, ukikaa ufukweni Mama Ngina utaiona kwa mbali na gati haijapata. Ikiandikwa "the Mombasa call has been called off", haiji kabisa, mzigo utafute kwingine. "At" na "off" zinaweza kukupotezea siku nzima ya malori. Na likija "your container was rolled over", usikimbilie bima ukidhani limebingirika. Limeachwa kwenye bandari ya mwanzo, linangoja meli ijayo. Mtu wa benki akisoma "rolled over" anafikiria mkopo uliosogezwa mbele. Kila watu na yao.

Jambo moja nitamwongezea Mwalimu. Vineno hivi vina tabia ya kukaa ukiweka "it". Unasema "fill in the form" au "fill the form in", zote sawa. Lakini ukiweka "it", lazima ikae katikati: "fill it in", "put it off", "sort it out". Ukiandika "please fill in it" nitajua umetoka kwenye orodha ya ubaoni. "Look into it" haigawanyiki, "look it into" hakuna. Fomu zenyewe Mwingereza "fills in" na Mmarekani "fills out", yoyote utakayoandika forodha wataelewa.

Mhariri_Nairobi:

Mimi nahariri makala za watu hapa Nairobi na naweza kukuambia Kiswahili kinavujia wapi. Kwetu "nijibu" imemmeza mtu ndani ya kitenzi, haihitaji kiungo. "Ningoje", "nisikilize", hivyohivyo. Ndiyo maana naletewa "reply me", "wait me", "listen me". Kiingereza kinataka "reply to", "wait for", "listen to".

Upande wa pili tunaongeza kisichotakiwa. Tunajadiliana kuhusu jambo, basi tunaandika "discuss about". Tunasisitiza juu ya jambo, tunaandika "emphasise on". Tunarudi nyuma, tunaandika "return back". Na sijui nani alileta "cope up with", lakini amezaa sana. Ni "cope with". Kingine ninachokutana nacho kila wiki ni "resulted to violence". Ni "resulted in" au "resorted to", na hazina maana moja: moja ni matokeo, nyingine ni watu walioamua.

"He is not picking my calls" nimeacha kupigana nayo kwenye mazungumzo. Hapa hakuna asiyeielewa. Ila Karani ukimwandikia mtu wa London kwamba hashiki simu, andika "answering". Simu ukiipokea Kiingereza chao ni "pick up", na "up" ikianguka anaweza kudhani unachagua simu kama machungwa.

Binti_Sinza:

Jamani mmesahau sendofu! Kadi ya binamu yangu iliandikwa "You are invited to the sending off of our beloved daughter". Shemeji yetu mmoja mpenzi wa mpira akauliza, kapewa kadi nyekundu ya moja kwa moja au njano mbili?

Kibarua_Muscat:

Asalaam aleikum. Naandika kutoka Muscat, niko stoo ya kampuni moja ya vifaa vya ujenzi. Ofisini kwetu Wahindi ni wengi na kila barua inaisha "kindly revert" au "please do the needful". Nilipofika nilidhani "revert" ni Kiingereza cha kiofisi cha kila mahali. Siku moja mteja wa Uingereza akamjibu mhasibu wetu: "Revert to what?" Tangu hapo naandika "reply". Wenzangu mnaonaje, ni kosa au si kosa?

Mama_wa_Kilindini:

Waaleikum salaam baba. Kwa Mwingereza wa kawaida "revert" ni kurudi kwenye hali ya zamani: mashine "reverts to" mpangilio wake wa mwanzo. Maana ya kujibu imestawi kwa Wahindi, na imeshazoeleka sehemu nyingi za Asia, kwa hiyo Muscat hakuna atakayekushangaa. Ila sisi wa meli tusijitie usafi. Madalali wa meli nao walikuwa wakituletea teleksi zinazoisha "pls revert" na "pls advise", London ikiwemo. Teleksi ililipiwa kwa muda, neno moja lililobeba "nijibu baada ya kuuliza wenye mamlaka" lilikuwa mali. Andika kulingana na msomaji. Kwa mhasibu wa Mumbai "revert" itapita. Kwa mteja wa Uingereza "get back to us by Thursday" itampendeza zaidi, na ina siku ndani yake.

"Do the needful" nayo ni ya Waingereza wenyewe, waliiacha India wao wakaitupa kwao. Ubaya wake si uzee, ubaya ni kwamba haisemi kitu gani kifanywe. Mimi ukiniandikia "do the needful" nitafanya lile ninaloona mimi linafaa, na huenda ni kwenda kunywa chai.

Karani_Kurasini:

Wakuu nimerudi. Shikamoo Mama wa Kilindini, samahani jana nilipitiliza moja kwa moja kwenye shida. Shikamoo Mwalimu. Nimetuma barua ile kama ilivyo, ila mwisho nikaongeza "We look forward to hearing from you", mwenzangu wa meza ya pili akaniomba soda.

Saa nne kamili nikapiga simu. Akapokea yeye mwenyewe, tukaongea Kiswahili vizuri tu, akasema "kaka subiri nakuandikia". Baada ya nusu saa imeingia hii:

"Further to our conversation, we have taken this up with our principals and will let you know in due course. Please note that charges continue to accrue."

Bosi sasa ameacha kusema wamesamehe. Anasema tungoje jibu la wakubwa wao ndipo tulipe. Mteja anapiga simu kila saa.

Mama_wa_Kilindini:

Marahaba mwanangu. Umeona, limepanda ngazi moja, kutoka "look into" hadi "taken up with". Sasa liko kwa wenye meli. "In due course" ni lugha ya adabu ya "usiniulize lini". Na sentensi ya mwisho ndiyo barua yenyewe, zilizotangulia ni mto wa kuegemea: "continue to accrue", tozo zinaendelea kujilimbikiza leo, kesho na Jumapili. Sasa wameshaandika kwamba walikuonya.

Msingoje. Tozo hizi huwa zinapanda kwa ngazi kadiri siku zinavyozidi, siku za mwisho ni ghali kuliko za mwanzo. Na msisahau hifadhi ya bandarini ni bili nyingine, hiyo wakala wa meli hana hata uwezo wa kuisamehe. Mkingoja wiki mbili mkasamehewa nusu, mnaweza kujikuta mmelipa zaidi ya leo.

Fanyeni hivi. Lipeni, toeni kontena, lakini siku hiyohiyo ya kulipa andika: "Payment made under protest. We are not giving up our claim for a refund of charges incurred while the BL was being corrected." Yaani mmelipa huku mkipinga, na dai la kurudishiwa hamliachi. Ambatanisha barua mliyoombea marekebisho ya jina na ile waliyoleta BL iliyorekebishwa, zote mbili zina tarehe, na siku zilizo kati ya tarehe hizo ndizo dai lenu. Msidai siku zote, dai hizo tu, zina ushahidi. Halafu rudisheni kontena tupu haraka, maana saa yao haisimami mpaka liingie yadi yao na mpewe risiti ya kupokelewa.

Na mteja aambiwe leo, na bosi wako, si wewe. Aliyempigia kwenye foleni ndiye ampigie tena.

Karani_Kurasini:

Nimemwonyesha bosi. Kasoma mara mbili, safari hii kwenye kompyuta. Anaandaa hundi. Ameuliza kama "under protest" haitawakera.

Mama_wa_Kilindini:

Mwambie wameizoea. Tulikuwa na faili lake zima.